B Niliyoikata

Jumatatu, 6 Oktoba

Watoto tisa leo. Mizani, kimo, kiuno, presha. Mizani, kimo, kiuno, presha. Wa tano alitaka kuvua hata soksi ili apungue. Nikamwambia soksi hazina mafuta. Hakucheka. Mimi nilicheka.

Wa mwisho alikuwa Espérance, yule wa mtaa wa Frogtown, miaka tisa. Kila mtu anamwita Espe. Mnene, mpole, ana kicheko cha mtu mzima. Mkanda wa presha wa watoto haukumzunguka mkono, nikachukua mkubwa. Presha juu. Nikamwacha apumzike, tukazungumza habari za mbwa wa jirani yao, nikapima tena. Bado juu.

Daktari Linnea, mkuu wa utafiti wetu, aliitazama fomu. Uzito wa kuzaliwa: kilo tatu na nusu. Akasema huyu ni kundi la pili. Kundi la kwanza ni waliozaliwa wadogo, chini ya kilo mbili na nusu. Hao presha ikipanda tu wanapelekwa moja kwa moja kwa daktari wa figo, wanavalishwa mkanda wa kupima presha siku nzima, mchana na usiku. Kundi la pili wanapewa barua wapeleke kliniki yao wenyewe. Ndivyo utafiti wetu ulivyopangwa. Tunataka kujua moyo na sukari ya mtoto vinakuwaje akizaliwa mdogo halafu akanenepa baadaye.

Mama Espe aliikunja barua mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi. Anafanya usafi hotelini, Bloomington. Barua ni ya Kiingereza. Nilimweleza yaliyomo, akaitikia sana. Wanaoitikia sana nawajua, hawaendi. Nikafunga chumba saa kumi na moja.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya maswali. Akina mama watatu, wote wa Kongo. Kuwauliza habari za ujauzito na uzazi kwa Kiswahili ndiyo kazi niliyoajiriwa. Miaka kumi na mmoja nilifundisha Kiswahili kule Kisii kabla ya kuja huku. Lakini Kiswahili chao! Iko hivi, iko vile. Ngeli zilikufa zote na hakuna aliyeweka matanga. Wao nao wananicheka. Mmoja leo kaniambia, "Mama, unaongeaka sawa radio." Nilijifanya sikusikia. Moyoni nilifurahi.

Wengi hawana kadi za kliniki. Zilibaki kwenye kambi za wakimbizi, zililowa, ziliungua. Kwa hiyo naandika kwanza maneno ya mama kama alivyoyasema, kisha namba. Daktari alianza kufanya hivyo zamani, alipokuwa akipima watoto wa Kimaya vijijini huko Guatemala. Anasema mama anaweza kusahau mwaka, mizani hasahau.

Moraa ameniuliza tena ninaandika nini humu. Binti yangu, miaka kumi na sita, Kiswahili anakielewa chakula kinapotajwa. Nikampa daftari, nikamwambia soma. Alishindwa kwenye sentensi ya pili. Hakuna kufuli bora kuliko hili katika mji wetu wote wa Eagan.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mama Espe alipiga simu saa saba mchana. Shule imemwita. Espe anaumwa kichwa tangu asubuhi, mara ya pili wiki hii. Nikauliza habari za barua. Iko kwa koti. Nikamwambia kwa ukali kidogo aende kliniki. Labda wiki ijayo, akipata ofu. Nyuma yake nilisikia mashine za kufulia, na mtu anamwita.

Daktari yuko mkutanoni. Nilimwandikia. Akajibu kwamba barua ile inatosha kwa sasa, nimhimize mama. Na ni kweli, watoto huumwa vichwa. Moraa huumwa kila siku ya mtihani wa hesabu.

Lakini sijatulia. Nimepika ugali mgumu, hata mimi umenishinda.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Kanisani leo kulikuwa na shukrani. Familia ya Kirundi, mapacha wa wiki sita. Watu walipeleka zawadi mbele, kila kitu viwili viwili, kofia mbili, blanketi mbili. Mchungaji akawainua, akataja majina. Bukuru. Butoyi.

Jina hilo la pili nalijua. Fomu ya Espe inasema: jina la kwanza Espérance, jina la ukoo Butoyi. Jina la mama yake ni lingine kabisa, lakini kwa Wakongo hilo ni kawaida, sikulishangaa.

Nilimgeukia Mama Ciza, Mrundi tunayekaa naye benchi moja. Je, Butoyi ni jina la ukoo? Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. Ni jina la mtoto mwenyewe, akasema. Pacha mkubwa ni Bukuru, mdogo ni Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Na Wakongo wa upande wa Uvira je? Nao pia, wengi.

Miaka minne namwita Mama Ciza. Sikuwahi kumuuliza Ciza ni nini. Kumbe ana mapacha wakubwa, wako chuoni.

Akaongeza jambo moja. Mapacha hawatenganishwi. Ukimuuliza mama yao mmoja amekula, atakujibu wamekula.

Wahubiri walikuwa wawili leo. Sikusikia neno la yeyote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilifika kazini kabla ya watu. Nikaitafuta fomu ya Espe, ya Agosti, nilipomhoji mama yake. Mwandiko ni wangu, mzuri, wa ubaoni.

Kwenye nafasi ya maneno ya mama niliandika alivyosema: "Balizaliwa na kilo tatu na nusu." Halafu B ile imekatwa. Mstari mmoja wa wino mwekundu, umenyooka. Ikabaki "alizaliwa".

Nimekumbuka sasa. Ba- ni wa- ya kwao, lakini nilidhani hapa ni ile tabia yao, ba- kila mahali, mara ya heshima, mara ya mazoea. Nikasahihisha. Hakuna aliyeniomba. Mwalimu hata akistaafu mkono haustaafu.

Chini yake kuna visanduku viwili, mtoto mmoja au pacha. Nimetia alama kwenye mmoja. Sikumbuki kama nilimuuliza. Hapana, acha nisijidanganye. Sikumuuliza. Mbele yangu alikuwa amekaa mtoto mmoja.

Kilo tatu na nusu za watoto wawili. Gawanya, ni kundi la kwanza. Na Espe ndiye aliyekuwa mdogo.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikusema leo.

Nilitaka. Nilifika mpaka mlangoni kwa daktari, nikamuuliza kama karatasi za printa zimeisha. Zilikuwa zimejaa.

Ninaogopa. Nina miaka hamsini na tatu na kazi hii ndiyo ya kwanza huku ambayo watu wananiita kwa jina langu. Kabla yake nilikuwa nageuza wazee vitandani. Kama herufi moja imenipita, watajiuliza ni ngapi nyingine. Na mimi ninajiuliza.

Jumatano, 15 Oktoba

Shule imemwita Mama Espe tena. Kichwa, na leo ametapika. Aliniambia bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Barua bado iko kwa koti.

Nilikata simu, nikaingia kwa daktari na fomu mkononi. Nikamweleza yote: B, Butoyi, kisanduku. Kiingereza changu kilinikimbia nikiwa katikati, nikawa namwonyesha kwa kidole.

Aliisoma fomu mara mbili. Kisha akasema kwamba Guatemala, mwaka wake wa kwanza, walikuwa wanawapima watoto wachanga wakiwa wameninginizwa ndani ya kitambaa, na kwa wiki nzima alisahau kutoa uzito wa kitambaa. Watoto wote wakaonekana wazima. Hakuyasema hayo kwa kunifariji. Alikuwa bado anayaonea haya.

Amefanya mawili. Amempigia daktari wa figo simu yeye mwenyewe, nikiwa nimesimama pale. Espe anaonwa kesho asubuhi, kundi au si kundi. Halafu akaniambia namba ya uzito kwenye fomu haiwezi kubadilishwa kwa kubahatisha. Lazima mama aseme mwenyewe. Na nimpigie kila mama wa Kongo niliyemhoji, nimuulize upya.

Sikufukuzwa. Nilipofika kwenye gari nililia kidogo, nikaendesha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilimwombea Mama Espe ruhusa kwa msimamizi wake, nikawapeleka mwenyewe. Presha juu, kuliko siku ile. Daktari wa figo hakutuogopesha wala hakutudanganya. Amempa dawa ya kuanzia, na kesho atavalishwa mkanda wa siku nzima. Picha ya figo Jumatano.

Espe aliuliza kama mkanda huo unaweza kuwa wa zambarau. Hauwezi.

Habari za pacha sikuuliza. Pale hospitalini, na mkalimani mwingine, na mtoto anasikiliza. Nilimwambia Mama Espe tu kwamba nitawatembelea Jumamosi. Nimeanza pia kupiga simu kwa wengine. Mama mmoja naye alisema ba- kwa mtoto wake mmoja. Nikaruka kama niliyekanyaga moto. Kumbe mtoto ana jina la babamkwe, hathubutu kumtaja vingine. Hapo basi ilikuwa heshima kweli.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimerudi kutoka Frogtown.

Nilipeleka soksi za baridi, jozi mbili, rangi moja, saizi moja. Mama Ciza ndiye aliyenishauri. Mama Espe alizifungua, akahesabu, akakaa chini.

"Nani alikuambia?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia ni jina. Kisha nikatoa nakala ya fomu, nikamwonyesha B na mstari wangu mwekundu. Anasoma polepole. Alipitisha kidole juu yake.

"Kumbe ulimukata Bukuru," akasema.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Akasimulia huku akichambua sombe, majani ya muhogo. Walizaliwa kambini, Burundi, kabla ya siku zao. Muuguzi alikuwa peke yake, foleni ndefu. "Balibapima bote pamoja, mu kitenge moya." Kilo tatu na nusu, na hakuna aliyewapima tena mmoja mmoja. Bukuru aliondoka siku ya tatu. Neno kufa hakulitaja, wala mimi sikulitaja. Espe alikuwa anaenea kwenye viganja viwili. Watu walipita kumwona wakatoka bila kusema neno, na yeye alijua kwa nini hawasemi. Kwa hiyo aliapa kwamba huyu atakula.

Halafu akapakua. Fufu ya muhogo, sombe, ndagala, yaani dagaa, za chumvi. Sahani mbili kubwa, zote mbele ya Espe. Nilidhani moja ni yangu. Ya kwanza akala. Ya pili ikakaa kidogo mezani, hakuna aliyeigusa. Kisha mama akaisogeza.

"Ile ni ya Bukuru. Minaiweka kila siku. Asipokuya, mudogo yake anamukulia."

Si mila ya watu wote wa kwao, ni ya mama yake mzazi, bibi yake Espe. Imefanyika hivyo tangu Espe aanze kula. Miaka minane, mara mbili kwa siku.

Nilikunywa chai nikaaga. Fomu imesahihishwa: pacha, uzito wake peke yake haujulikani, wote wawili tatu na nusu. Ya sahani sikuiandika. Sijui kama ni yangu kuiandika.

Jumatano, 22 Oktoba

Picha ya figo. Espe alilala kitandani akawa anacheka kwa baridi ya ile jeli. Ni ndogo, figo zake. Ndogo kwa umri wake, lakini zinafanya kazi. Mkanda wa siku nzima nao umesema hivyo hivyo: presha iko juu mchana na hata akilala haishuki vizuri. Haikuwa woga wa kumwona daktari.

Daktari wa figo alieleza vizuri, nikatafsiri. Mtoto akizaliwa mdogo sana, figo huja na vichujio vichache. Vichache hivyo vinabeba kazi ya vingi. Mwili ukizidi, na chumvi ikizidi, mzigo unazidi. Dawa itasaidia. Lakini apunguze chumvi, na apunguze chakula, na mapema ni bora kuliko baadaye. Akamuuliza mama Espe anakula kiasi gani.

Mama akanitazama. "Kidogo," akasema.

Nikatafsiri: kidogo. Neno kwa neno, kama mkalimani mwema. Na nilijua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku mbili nimeipiga vita nafsi yangu. Nikimwambia daktari, nimemsaliti mama. Nikinyamaza, nimemkata mtoto wa pili, na safari hii si kwa kutojua.

Nimempigia Mama Espe simu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yametoka vibaya yote. Nilimwambia sahani ile inamuumiza Espe. Nilisikia nilivyosikika, mwalimu mbele ya darasa.

Akasema, "Unataka nimufukuze?"

Nikasema hapana. Nikasema sijui ninachotaka. Nikasema nataka Espe afike umri wangu. Akasema sawa, mama, akakata.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hapokei simu. Leo alipaswa amlete Espe kupimwa uzito, hakumleta.

Moraa ameona ninavyokaa. Aliuliza kuna nini, nikamweleza kwa Kiingereza, yote, hata B. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijatokea tangu apate simu. Kisha akaniuliza: kwa hiyo miaka yote Espe anakula sahani yake, na ya dada yake pia? Nikasema ndiyo. Akasema masikini, huyo mama.

Nilitaka aseme masikini mimi. Lakini yuko sawa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mama Espe amempeleka. Si kwetu, kliniki yao ya karibu. Muuguzi wa kule alimpigia daktari. Presha imeshuka kiasi. Dawa anaimeza kila asubuhi.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu nusu ya furaha ilikuwa kwamba sasa huenda nikasamehewa. Mimi bado sijapigiwa.

Simu za akina mama nimezimaliza. Hakuna pacha mwingine. Kalamu nyekundu nimeiacha kwenye droo ya mapokezi, mwenye kuitaka aichukue.

Jumapili, 2 Novemba

Saa zimerudishwa nyuma, kama huku wafanyavyo kila Novemba, na mimi nikasahau, nikafika kanisani saa nzima kabla ya watu. Nikakaa kwenye gari na hita. Simu ikalia. Mama Espe. Hakusalimia.

"Mwalimu, kuya kula."

Basi nilipotoka ibadani nilienda. Mlango aliufungua Espe, kavaa soksi zile. Mama alikuwa jikoni. Tulisalimiana kama watu walioonana jana. Akapakua. Sahani ya kwanza ndogo, ya chai, akaiweka mbele ya Espe. Ya pili ile kubwa, imejaa. Akaiweka mezani, ikakaa kidogo kama siku zote.

Kisha akaisogeza mbele yangu.

"Ya Bukuru," akasema. "Leo njo wewe utamukulia." Kesho atampelekea mzee wa ghorofa ya chini anayeishi peke yake. Kesho kutwa ataona.

Nilinawa mikono. Ndagala alikuwa amezilowesha mpaka chumvi imeisha, na sombe haikuwa na chumvi kabisa. Nilikula yote. Ilichukua muda, chakula kilikuwa kingi, na wao walinisubiri.

Nilipomaliza, Espe akaniuliza kwa Kiingereza kama dada yake ameshiba.

Nikamjibu kwa Kiswahili. Ameshiba.